Wakasema shida ni Kiswahili: tulivyokata rufaa mpaka mtoto akapata EHCP

EHCP ni plani ya kisheria ya msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu shuleni, kwa kirefu Education, Health and Care Plan. Kwanza niweke sawa, haya yote ni ya England. Scotland wana sheria zao, Wales wana zao, Ireland ya Kaskazini nao wana zao, kwa hiyo kama uko Glasgow au Cardiff usichukue tarehe nitakazozitaja ukaenda nazo, zitakuumiza. Pili mi si mwanasheria, ni kea, nalea wazee, shifti za mchana na za usiku, haya mambo nimeyajua kwa sababu ya mtoto na kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisomea zile barua. Haya tuendelee.

Mwanangu wa pili alianza shule, ile risepsheni, akiwa na miaka minne. Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, cha Tanga kabisa, na dada yake mkubwa alianza shule hiyohiyo akiwa hajui Kiingereza chochote zaidi ya kuomba kwenda chooni, ilipofika Krismasi keshaanza kuturekebisha matamshi. Huyu mdogo ikawa tofauti, ila tofauti yenyewe haikuwa Kiingereza, hata Kiswahili hakuwa nacho. Ukimuuliza "unataka maji?" anakujibu "unataka maji" kwa sauti ileile uliyoulizia wewe, kama kakunasa kwenye tepu. Neno aliloanza nalo mwenyewe bila kurudisha la mtu lilikuwa "bibi", maana simu ikilia jioni anajua ni bibi yake wa Tanga. Shuleni ukumbi wa chakula ulikuwa unamshinda, makelele ya masahani na viti, anaingia chini ya meza anaziba masikio na akivutwa anang'ata.

Mwalimu akatuita, mama wa watu mpole kabisa, akatuambia watoto wa lugha mbili huwa wanachanganyikiwa, jaribuni kuongea Kiingereza nyumbani. Sasa sisi tumelelewa kwamba mwalimu akisema kasema. Tukatii. Na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kwa sababu najua wengi mmeambiwa hivohivo. Baba yake anaendesha foklifti kwenye ghala, Kiingereza chake ni cha kazini, cha mizigo na mapumziko, hana Kiingereza cha kumbembelezea mtoto. Matokeo yake akawa hamsemeshi. Nyumba ikawa kimya miezi na miezi. Baadaye kabisa tulipofika kwa mtaalamu wa lugha na matamshi wa NHS (huduma ya afya ya serikali), yule spichi therapisti, akashangaa, akasema nani kawaambia muache lugha yenu, mtoto anajenga lugha kwa ile mnayoiweza nyie vizuri, na mtoto mwenye shida ya lugha shida itaonekana kwenye lugha zote mbili. Nilirudi nyumbani nina hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Upande wa pili kuna ndugu. Mama yangu anasema mjomba wako alisema akiwa na miaka mitano na leo ni fundi anajulikana Tanga nzima, muacheni mtoto. Shangazi anasema apelekwe akasomewe. Tukamsomea, na fomu tukajaza, sikuona kama kimoja kinazuia kingine. Kilichonichosha ni watu wa hapahapa Uingereza waliokuwa wananiambia usiandikishe mtoto, atapigwa muhuri wa uchizi maisha yake yote, na mwingine akaniambia ukiomba hiyo EHCP utaharibu viza. Hili la viza nilijibu kabisa kwa sababu linatisha watu bure: elimu ya mtoto, pamoja na EHCP, haihesabiki kama msaada wa serikali ule uliokatazwa kwenye viza. Posho ya ulemavu ya mtoto, ile DLA, ndiyo iko kwenye orodha ya vilivyokatazwa, kwa hiyo hiyo kama kwenye viza yako umeandikiwa huna ruhusa ya misaada ya umma usiiombe bila kuongea na mtu wa uhamiaji kwanza. Ila EHCP omba.

Mwaka wa kwanza, yaani darasa baada ya risepsheni, simu zikaanza. "Leo ana siku ngumu, unaweza kuja kumchukua?" Saa tano asubuhi mi niko kazini nambadilishia bibi wa watu nguo, naomba ruhusa, nakatwa shifti. Nikifika namkuta kakaa ofisini na begi mgongoni anaangalia feni. Sikujua kwamba kumrudisha mtoto nyumbani "apumzike" bila kuandika kwamba kasimamishwa ni kinyume cha utaratibu, shule ikimtoa mtoto kwa sababu ya tabia hata kwa nusu siku inatakiwa iandike rasmi. Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kisomali tunakutana kituo cha basi. Akaniambia wakipiga tena jibu kwa imeli: je, mwanangu mmemsimamisha? Kama ndiyo naomba barua yenye sababu, kama hapana naomba aendelee na masomo. Nikaandika hivo. Simu zikapungua ghafla, na zile chache zilizobaki zikawa zinakuja na karatasi. Na zile karatasi ndizo zilizokuja kunisaidia, nitaeleza.

Sasa EHCP yenyewe ni nini. Ni plani ya kisheria, imekuja na Children and Families Act ya 2014, inasema mtoto ana mahitaji gani, atapewa nini na atasoma wapi. Shule ina msaada wake wa kawaida wa kuanzia, na inatarajiwa kubeba gharama mpaka kama pauni 6,000 kwa mwaka kwa mtoto kutoka kwenye bajeti yake. Plani ni hatua ya juu ya hapo, na utamu wake ni kwamba kilichoandikwa kwenye sehemu F ya plani, ile ya huduma za elimu, halmashauri inalazimika kukitoa, haina kusema bajeti imeisha. Ndo maana hawaitoi kirahisi.

Nikamuuliza yule mwalimu anayesimamia watoto wenye mahitaji maalumu, wanamuita SENCO, tuombe? Akaniambia hatafikia kiwango, tusubiri kwanza apimwe usonji, ile autism. Foleni ya kupimwa usonji kwetu ilikuwa ya miaka. Kumbe (hili liandike ukutani) huhitaji daktari awe ameshasema ugonjwa fulani ndo uombe, na wala huhitaji shule ikuombee. Mzazi anaomba mwenyewe, barua moja kwa halmashauri kuomba mtoto afanyiwe tathmini. Kipimo cha sheria ni kwamba mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu, na huenda ikalazimu apewe huduma kupitia plani. Huenda. Hawatakiwi kukudai ushahidi kama wa kesi ya mauaji. IPSEA, shirika linalotoa ushauri wa sheria za elimu maalumu bure, wana barua za mfano kwenye tovuti yao, unajaza jina na maelezo yako. Nikaituma kwa imeli usiku baada ya shifti, nikaweka na tarehe kubwa juu, maana toka siku wanapoipokea wana wiki 6 za kukujibu kama watamfanyia tathmini au la, na mchakato mzima mpaka plani ya mwisho hautakiwi uzidi wiki 20. Hautakiwi. Kinachotokea ni habari nyingine.

Jibu lilikuja wiki ya 6 kamili. Nilifungua kwenye simu nikiwa kazini, kwenye stoo ya mashuka. Wamekataa. Sababu tatu: shule haijaonyesha kwamba imetumia ile pauni 6,000, mtoto anapiga hatua, na ya tatu, nanukuu kwa maana yake, matatizo yake ya mawasiliano yanaweza kutokana na kwamba Kiingereza si lugha ya nyumbani. Nilikaa juu ya lile fungu la mashuka nikalia mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Si kukataliwa kulikoniuma, ni ile ya tatu. Kwamba nimemlemaza mwanangu kwa lugha ya mama yangu.

Kwenye barua ya kukataliwa chini kabisa kuna haki yako ya rufaa, wengi hawafiki huko chini wanakata tamaa juu. Rufaa inaenda kwenye baraza la rufaa la SEND (mahitaji maalumu ya elimu na ulemavu), ambalo ni sehemu ya mahakama, si la halmashauri, na ni bure, hulipi hata senti. Una miezi miwili toka tarehe ya barua, au mwezi mmoja toka tarehe ya cheti cha usuluhishi, ile itakayochelewa zaidi. Cheti cha usuluhishi ni nini? Kabla ya kukata rufaa lazima umpigie mshauri wa usuluhishi, namba yake iko kwenye barua hiyohiyo, uamue kama unataka kukaa meza moja na halmashauri au la. Kusuluhishwa si lazima, kupata cheti ndo lazima, ukisema sitaki wanakupa cheti ndani ya siku 3 za kazi. Niliwahi kumshauri dada mmoja akakaa mwezi mzima anaogopa kupiga ile simu akidhani akipiga tu ameshakubali kusuluhishwa, hapana jamani. Wengine usuluhishi umewasaidia na hawakufika mbali, mi sikuutaka, nilitaka mtu wa nje asome ile sababu ya tatu.

Fomu ya rufaa ya kukataliwa tathmini inaitwa SEND35A, ni fupi. Kazi iko kwenye sababu na ushahidi. Nilichofanya ni kuichukua ile barua yao na kuijibu sentensi kwa sentensi, wamesema hiki, ushahidi unasema hiki, angalia ukurasa fulani. Basi. Sikuandika historia ya maisha yangu, ingawa nilitaka sana.

Kwenye pauni 6,000 nikaandika hakuna sehemu ya sheria inayosema lazima zitumike kwanza, na kweli hakuna. Kwenye kupiga hatua nikaweka ripoti za shule zenyewe: mwanzo wa mwaka yuko nyuma ya wenzake, mwisho wa mwaka yuko nyuma zaidi. Na zile karatasi za kumrudisha nyumbani nikaziweka zote kwa tarehe, maana mtoto ambaye shule inashindwa kukaa naye mpaka saa tisa huwezi ukasema shule inammudu. Zile ambazo sikuwa na karatasi nilitumia skrini shoti za simu zilizoingia toka namba ya shule na meseji nilizomtumia bosi wangu kuomba ruhusa. Niliomba pia faili lote la mtoto shuleni, ni haki ya mzazi, na humo nikakuta fomu ambayo mwalimu wa risepsheni alishaandika tangu mwanzo kwamba ana wasiwasi na mawasiliano yake. Mwalimu yuleyule wa lugha mbili zinachanganya.

Kwenye Kiswahili sasa. Sheria yenyewe inasema mtoto asihesabiwe ana ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani kwao ni nyingine, na mwongozo wa serikali wa 2015, ule Code of Practice, unasema shule iangalie kwa makini ijue kama mtoto hasongi mbele kwa sababu ya Kiingereza au kwa sababu ya mahitaji maalumu. Nikauliza: nani aliangalia? Lini? Iko wapi hiyo karatasi? Halafu nikambeba dada yake. Nyumba moja, mama mmoja, Kiswahili kilekile, shule ileile, na ripoti zake za darasa hilohilo nikaziweka kando ya za mdogo wake. Nikaweka na ripoti ya spichi therapisti wa NHS aliyempima kwa lugha zote mbili akasema ufahamu wake wa Kiswahili uko chini sana kuliko umri wake.

Hicho kipimo chenyewe nusura kiharibike. Walituwekea mkalimani, ni bure na ni haki yako kuomba, ila aliyekuja alikuwa mzee wa Kikongo, mcheshi sana, mi na yeye tunaelewana bila shida lakini mtoto anaambiwa aonyeshe "bintu" za mezani, anamtazama tu. Nikasimamisha, nikamwambia therapisti huyu baba Kiswahili chake si cha kwetu, mtoto anaweza kuonekana hajui kitu anachokijua. Wakapanga upya na mkalimani wa Tanzania. Ukienda kwenye kipimo chochote taja mapema Kiswahili cha wapi, na omba kwenye ripoti waandike kwamba kulikuwa na mkalimani na alitumia lugha gani.

Rufaa za aina hii mara nyingi zinaamuliwa kwa makaratasi bila kikao, na ya kwetu ilikuwa hivo. Kusubiri ndo kuliniua. Tarehe ilikuwa mbali, miezi, mtoto darasani anazidi kuharibika na mi nazidi kupungua, nguo zinavuka. Ila uamuzi ulipokuja ulikuwa kurasa chache zilizonyooka, baraza likaiamuru halmashauri ifanye tathmini, na kuhusu lugha likasema ushahidi wa wazi unaonyesha shida iko kwenye lugha zote mbili. Nikampigia mama Tanga saa sita usiku kwao. Akauliza kwani ulikuwa unashtakiwa?

Mkisikia watu wanasema baraza huwa linawapendelea halmashauri msiwaamini. Takwimu za Wizara ya Sheria za mwaka 2022/23 zinaonyesha kati ya rufaa zilizofika mpaka kuamuliwa asilimia 98 wazazi walipata walichoomba, angalau sehemu yake. Kikwazo ni kufika huko, na wanaofika ni wale wenye muda, intaneti na moyo. Nina maoni makali hapa lakini niyaache.

Tathmini ikafanyika, akaja mwanasaikolojia wa elimu wa halmashauri, wa spichi, na wengine waliosoma makaratasi tu. Ikaja rasimu ya plani, una siku 15 za kusema unachotaka kirekebishwe na shule gani unataka. Nilivyoiona ina kurasa nyingi nikafurahi, nikataka kusaini. Aliyenizuia ni dada wa SENDIASS, hawa ni washauri wa bure walioko kila eneo, akaniambia usisome kurasa, soma sehemu F tu, na kila sentensi jiulize nani, nini, mara ngapi, dakika ngapi.

Nikaisoma hivo. "Atanufaika na fursa za kushiriki vikundi vidogo." "Atapata programu ya lugha kadiri itakavyohitajika." "Watu wazima watafahamu mahitaji yake." Jamani hapo mtoto kapewa nini? Huwezi kumshtaki mtu kwa kutofahamu. Kwenye ripoti ya mtaalamu imeandikwa kipindi cha ana kwa ana kila wiki, kwenye plani imegeuka kadiri itakavyohitajika. Na spichi therapi walikuwa wameiweka sehemu G, ya afya, wakati kwa mtoto ambaye lugha ndiyo elimu yake inatakiwa iwe F, kwa sababu F ndiyo inayoibana halmashauri. Shule waliyoitaja ni ileile iliyokuwa inatupigia simu saa tano.

Tukapeleka marekebisho, wakakubali madogo madogo ya tahajia, wakatoa plani ya mwisho karibu ileile. Rufaa ya pili, safari hii SEND35, kupinga sehemu B, F na I, yaani mahitaji, huduma na shule. Hapa cheti cha usuluhishi tena, ukipinga shule peke yake ndo hukihitaji.

Na hapa ndo pesa zilipoanza kwenda. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, tulikuwa tumeipangia kiwanja Kibaha, baba watoto keshaongea na dalali. Watu wakatuambia bila ripoti binafsi hushindi. Nikalipa mwanasaikolojia binafsi, zaidi ya pauni elfu moja, na spichi therapisti binafsi mia saba na ushee, nyumbani hatukuongea siku kadhaa. Nikwambie ukweli, ya spichi ilistahili kwa sababu alisema idadi na dakika waziwazi na akaenda kumuona mtoto darasani. Pesa ya mwanasaikolojia ningeiokoa. Ripoti ya mwanasaikolojia wa halmashauri mwenyewe ilikuwa nzuri, tatizo plani haikuinakili, na ningeisoma kwa utulivu kabla ya kufungua pochi ningeliona hilo. Kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote kaa chini na ripoti zao, paka rangi kila sentensi inayosema mtoto anahitaji kitu, kisha tafuta kama kiko kwenye plani. Na kama kipato chako ni kidogo uliza kuhusu Legal Help, ni msaada wa kisheria wa serikali na rufaa hizi zimo, wanakuandalia kesi na wakati mwingine wanalipia na ripoti. Mi nilikuja kusikia nimeshalipa.

Kabla ya kikao kuna dokumenti moja ya Word inatembea kati yenu na halmashauri, ni plani yenyewe, unayotaka kuongeza unaandika kwa herufi nene, ya kwao yanakuwa ya mlazo, mliyokubaliana yanapigiwa mstari chini. Nilikuwa naifanya kwenye laptopu ya binti yangu saa nane usiku. Ni kazi ya kuchosha lakini ni hapo kesi unaposhinda au kushindwa, kwa sababu majaji wanakwenda nayo mstari kwa mstari. Nilikuwa nafuta "atanufaika na" naandika "atapewa", nafuta "mara kwa mara" naandika mara moja kwa wiki, dakika 45, na spichi therapisti mwenyewe, si mwalimu msaidizi aliyepewa karatasi. Na pembeni ya kila badiliko naweka namba ya ukurasa wa ushahidi kwenye lile faili kubwa la PDF. Kila badiliko. Bila hiyo namba ni maneno yako dhidi ya yao.

Kikao kilikuwa kwa video. Niliomba mkalimani kupitia fomu, baraza linampanga bure, Kiingereza changu kinatosha ila nikipaniki kinakimbia na sikutaka kikimbie siku hiyo. Jaji na mtaalamu mmoja wa elimu maalumu, wanakusalimia, wanakwambia ukichoka sema, hakuna majoho wala nywele za bandia. Nilikuwa nimeweka picha ya mtoto mbele yangu nyuma ya kamera.

Niliogopa sana kumuona yule SENCO, alikuja kama shahidi wa halmashauri. Yule mtaalamu wa jopo akamuuliza swali moja la kawaida, kwa wiki mtoto anakaa darasani saa ngapi na wenzake? Akanyamaza kidogo, akasema ukweli, saa chache sana, muda mwingine yuko koridoni na mwalimu msaidizi. Mwakilishi wa halmashauri akajaribu kumrudisha, akakataa kurudi. Nilikuwa nimemchukia yule mwanamke muda mrefu na nikajikuta namshukuru kimoyomoyo. Halafu mwakilishi akaulizwa hizo fursa za vikundi vidogo, kiongozi wa kikundi ni nani, amesomea nini. Akasema itategemea. Jaji akaandika.

Uamuzi ulikuja kwa imeli ndani ya wiki mbili hivi. Tulipata karibu yote ya F, spichi kila wiki, chumba cha utulivu, mwalimu msaidizi aliyefundishwa, na shule tuliyoomba, ni shule ya kawaida ila ina yuniti ya watoto wenye shida za lugha na mawasiliano. Tulikosa kimoja, tiba ya mikono, ile okupesheni therapi, ushahidi wangu haukutosha na nakubali. Baraza likiagiza plani irekebishwe halmashauri ina wiki 5, likiagiza tathmini wana wiki 2 za kukuambia wanaanza, na kama plani itatolewa iwe imekamilika ndani ya wiki 14 toka amri. Ziweke kwenye simu hizo.

Mkidhani hapo tumemaliza, la. Muhula wa kwanza kwenye shule mpya spichi therapisti hakuwepo, kaacha kazi, nafasi haijajazwa, mtusamehe. Zamani ningesamehe. Nikaandika imeli kwa mkurugenzi wa huduma za watoto nikitaja kifungu cha 42 cha ile sheria ya 2014, kwamba wajibu wa kuhakikisha huduma ya F inapatikana ni wa halmashauri na kukosa mfanyakazi si jibu, na nisipoona vipindi vimeanza nitatafuta mwanasheria wa kupeleka suala Mahakama Kuu. Barua ya mfano iko kwa IPSEA pia. Wakakodi mtu binafsi, na tukadai na vipindi vilivyopotea, wakavifidia kwa awamu.

Mtoto sasa? Anaongea sentensi. Anachanganya lugha, anasema "mama nipe ile spuni", na anabishana na dada yake kwa Kiingereza na mimi kwa Kiswahili. Ukumbi wa chakula bado hawezi, anakula kwenye yuniti na wenzake wachache na hakuna anayemlazimisha. Usonji alikuja kuthibitishwa plani ikiwa imeshaanza kazi muda mrefu.

Plani inapitiwa kila baada ya miezi 12, na kikao hicho msikichukulie kama cha chai na biskuti, hapo ndo vitu hupunguzwa kimyakimya. Soma rasimu mpya kando ya ya zamani, mstari kwa mstari. Na baada ya kila mapitio wakikuletea uamuzi usioutaka haki ya rufaa inafunguka upya. Kwa wenye watoto wanaokaribia sekondari, plani lazima iwe imerekebishwa na shule mpya imetajwa kabla ya tarehe 15 Februari ya mwaka anaohama, kwa hiyo zungukeni kuangalia shule mapema mtoto akiwa darasa la tano, maana zenye yuniti nzuri zinajaa na rufaa ikianza Februari inaweza kumkuta Septemba bado haijaamuliwa.